Gitaa la Nyuzi Sita: Shajara ya Karakana ya Nyumbani

Siku ya 1

Leo nimeanza kuunda gitaa la klasiki, yaani lile la nyuzi za nailoni, katika chumba cha nyuma chenye meza moja ya useremala, jiriwa moja na dirisha linalofungwa vizuri. Michoro imekamilika. Urefu wa uzi unaotetema, kuanzia kizingiti cha juu karibu na kichwa hadi kizingiti cha daraja, yaani kipande cha mti kinachozishika nyuzi juu ya mwili, utakuwa milimita 650. Mwili utakuwa na upana wa milimita 370 sehemu ya chini na milimita 240 kiunoni. Kina cha mbavu, yaani kuta za pembeni za mwili, kitapungua kutoka milimita 100 upande wa mkia hadi milimita 95 karibu na shingo. Na tundu la sauti litakuwa na kipenyo cha milimita 85. Ubao wa sauti, yaani uso wa mbele wa mwili, ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari. Mgongo na mbavu ni mninga. Shingo ni mahogani. Ubao wa vidole ni mpingo, ambao ni mzito hata ukitupwa majini huzama.

Mninga nimeuchagua kwa sababu husinyaa na kuvimba kidogo kuliko mbao nyingi ngumu, na mimi ni mtu ninayeziogopa mbao zinazocheza. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo barakoa ipo mezani tangu leo. Juu ya meza nimetundika pia kipima unyevu kidogo, na nimejiwekea sharti kwamba taruma lolote, yaani kijiti cha kuimarisha ubao kwa ndani, halitabandikwa kwenye ubao wowote ikiwa kinasoma zaidi ya asilimia 60.

Siku ya 4

Ubao wa sauti hutokana na kipande kimoja kilichopasuliwa katikati na kufunuliwa kama kitabu, ili mishipa ya mti ya kushoto iwe kivuli cha mishipa ya kulia. Vipande vyote viwili vimepasuliwa pete za mti zikiwa zimesimama wima, kwa kuwa ubao wa namna hiyo ni mgumu zaidi kwa uzito wake na husinyaa karibu nusu tu ya ule uliopasuliwa kwa kufuata mzingo wa pete. Kingo nimezipiga randa mpaka nilipovisimamisha vipande dirishani na kutoona hata uzi wa mwanga kati yake. Kazi hiyo ilimaliza asubuhi nzima, na gundi ikamaliza dakika nne.

Siku ya 9 hadi 17

Unene wa ubao wa sauti ndio uliokula siku hizi zote. Nilianza na milimita 4, nikashuka kwa randa hadi 3, kisha kwa bamba la kukwangulia na msasa hadi 2.4 katikati na 2.1 pembezoni. Mchoro ulitaka 2.3 kila mahali, lakini ubao haukusoma mchoro: upande wa kushoto ulikuwa laini zaidi ulipokunjwa kwa vidole kwa upana, kukingama na mishipa, na nikauacha mnene kidogo kuliko mwenzake. Kila jioni niliushika kwa vidole viwili karibu na ukingo, sikio likiwa karibu, nikaugonga katikati kwa pindi ya kidole. Ukiwa na milimita 4 ulijibu kama mlango. Ulipofika 2.6 mlio ulianza kushuka na kukaa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kufifia, ulipofika 2.4 niliusikia kifuani, nikaweka randa chini.

Hapa inafaa kumkumbuka Antonio de Torres, fundi wa Almería nchini Hispania aliyeishi kati ya 1817 na 1892, ambaye umbo la gitaa la klasiki la leo limefuata kwa sehemu kubwa magitaa yake. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, na juu yake akaweka ubao mzuri wa sauti, ili kuonyesha kwamba sauti inatoka hasa kwenye uso wa chombo. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Ninalitaja kwa sababu marafiki wanaopita dirishani huusifu mninga wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusifu ule ubao mweupe usio na rangi wala maua.

Siku ya 23

Urembo wa pete kuzunguka tundu umekaa. Vijipande vya mpingo na sprusi, mfereji wa kina cha milimita 1.5, gundi, msasa. Kwa macho ya karibu una dosari mbili; moja itafichwa na ncha ya ubao wa vidole, na nyingine nimeshaizoea.

Siku ya 31

Nimebandika mataruma saba upande wa ndani wa ubao wa sauti, yakiwa yametandazwa kama vidole kutoka karibu na tundu kuelekea mkia, kwa namna ile ile aliyoiimarisha Torres. Kila taruma ni la sprusi, upana milimita 6, na limepasuliwa kwa shoka dogo badala ya kukatwa kwa msumeno, ili mishipa yake ikimbie bila kukatika kutoka ncha hadi ncha. Kwa kuwa sina vibanio virefu vya kufika katikati ya ubao, nimetumia fito: ubao umelala mezani, juu yake kuna dari ya mbao iliyoshikiliwa na nguzo nne, na fito zilizokatwa ndefu kidogo kuliko nafasi hiyo hupindwa na kuingizwa kati ya dari na taruma, zikasukuma chini kwa nguvu yake zenyewe. Fito 32 zikiwa zimesimama pamoja, chumba kilifanana na mtego wa samaki.

Gundi niliyoitumia ni ya ngozi, ambayo huja kama chembe kavu, hulowekwa, kisha huyeyushwa kwenye chungu kinachokaa ndani ya maji ya moto wa nyuzijoto 60 hivi. Ikipita sana hapo hudhoofika, na ikipoa kabla ya kubanwa haishiki. Inamnyima fundi utulivu, lakini ina fadhila moja: ikipata joto na unyevu huachia, na kiungo hufunguka bila kuvunja mti. Kipima unyevu kilisoma 45.

Siku ya 40 hadi 46

Kupinda mbavu. Mbao mbili za mninga, kila moja ina unene wa milimita 2, hulowekwa kwa muda mfupi, kisha husukumwa taratibu dhidi ya bomba la chuma lililopashwa moto kiasi kwamba tone la maji likidondoka juu yake huruka na kukauka papo hapo. Mkono unasikia wakati mti unapokubali: ukinzani hupungua ghafla, kama siagi inayoanza kulainika, na hapo ndipo unapoufuatisha mchoro. Ubavu wa kwanza ulikubali mpaka kiunoni, na pale kiunoni, penye mpindo mkali kuliko pote, nikausukuma kabla haujaniita. Ulipasuka upande wa nje kwa urefu wa milimita 30.

Nilijaribu kujifariji kwamba gundi nyembamba ingeuficha ufa huo, kisha nikakumbuka kwamba ubavu huu utavutwa na nyuzi kwa miaka mingi, nikaukata na kuuhifadhi kwa ajili ya vijipande vya ndani. Ubavu wa badala yake niliushusha hadi milimita 1.8 kiunoni, nikauwekea bamba jembamba la chuma kwa nje ili liishike mishipa inayovutika, na nikatumia dakika kumi na tano mahali ambapo mara ya kwanza nilitumia nne. Ulipinda bila kelele.

Siku ya 58

Mkusanyiko kwa njia ya Kihispania: ubao wa sauti umelazwa kifudifudi juu ya ubao wa kuundia, shingo imebandikwa, na ncha za mbavu zimeingia katika njia mbili za msumeno zilizokatwa kwenye kisigino cha shingo. Mwili na shingo hivyo huzaliwa pamoja, na kosa la pembe ya shingo haliwezi kurekebishwa baadaye kwa skrubu. Nimepima mstari wa katikati mara tano kwa uzi uliovutwa kutoka kichwani hadi mkiani. Uko sawa kwa nusu milimita, na nusu hiyo imeelekea upande wa nyuzi nene, ambako itadhuru kidogo zaidi.

Siku ya 66

Mgongo umepata mataruma yake matatu, yote yakiwa yamekatwa kwa mzingo wa duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.5, ambao kwa upana wa milimita 370 huupa mgongo mwinuko wa milimita 3.8. Mvua zimeanza. Kipima unyevu kilisoma 58, chini ya sharti langu, nikaendelea. Mgongo umetoka na mwinuko mzuri kama kifuniko cha kasha. Nimeuweka rafuni kusubiri kufungwa, nami nimeondoka kwa shughuli nyingine.

Siku ya 88

Nimerudi karakanani baada ya majuma matatu, mvua zikiwa zimekwisha na upepo mkavu ukivuma, nikauchukua mgongo kutoka rafuni na kuulaza juu ya meza ya kioo. Mwinuko wa milimita 3.8 ulikuwa umebaki milimita 1.4. Haukuwa na ufa wala taruma lililobanduka. Ulikuwa tu umenywea, kama shavu la mtu aliyeugua.

Sababu yake si fumbo kwa yeyote aliyewahi kuona mlango ukikwama msimu wa mvua. Mbao hunywa maji ya hewani na kuyarudisha, na zikifanya hivyo hupanuka na kusinyaa kukata mishipa, huku kwa urefu wa mishipa zikibaki karibu vilevile. Mgongo una mishipa inayokwenda kwa urefu wa gitaa, na mataruma yake yamelala kwa upana. Mgongo ulipokauka ulitaka kupungua upana. Mataruma, ambayo upana huo ni urefu wao, yalikataa. Kwa vile yamebandikwa ndani, uso wa ndani ulizuiliwa na uso wa nje ukasinyaa ulivyotaka, basi mwinuko ukavutwa kuelekea ndani. Ndiyo maana mtu hubandika mataruma hewa ikiwa kavu: ubao ukivimba baadaye huinuka tu, lakini ukibandikwa ukiwa umevimba, ukame utauzamisha au kuupasua.

Hayo niliyajua. Ambalo sikulielewa ni kwa nini yalitokea wakati kipima unyevu kilikuwa kimesema 58.

Siku ya 90

Nimekijaribu kipima unyevu kwa chumvi. Chumvi ya kawaida ya mezani, ikilowanishwa kwa maji kidogo hadi iwe kama mchanga wa pwani na kufungiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, huifanya hewa iliyo ndani ikae kwenye unyevu wa asilimia 75, na haibadiliki sana kwa joto la kawaida la chumbani. Nilikifungia humo usiku kucha. Asubuhi kilisoma 66.

Kwa hiyo kinadanganya kwa alama 9. Siku ya 66, hewa iliyonionyesha 58 ilikuwa karibu na 67, na mbao zilizokaa ndani yake zilikuwa na maji ya takriban asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Leo kinasoma 38, maana yake ni 47, na mbao hizo hizo zinaelekea kwenye asilimia 9. Hata mninga, mtulivu jinsi ulivyo, hauwezi kupoteza kiasi hicho bila kujikunja ukiwa umefungwa kwenye mataruma. Nimetazama nyuma pia kwenye ubao wa sauti: ule uliobandikwa kwa 45 ulibandikwa kwa 54 halisi. Si vizuri, ila unavumilika. Nimeweka rula juu yake na uvimbe wake mdogo bado upo.

Ninakiri kwamba kifaa hicho nilikiamini kwa sababu kilikuwa na tarakimu. Kipima cha zamani chenye sindano ningekitilia shaka.

Siku ya 92 hadi 104

Gundi ya ngozi imelipa deni lake. Kisu butu chembamba kimepashwa moto majini, kikaingizwa chini ya ncha ya taruma pamoja na matone ya maji, kikasogea milimita mbili tatu kila mara gundi ilipolainika. Taruma la kwanza lilichukua saa moja na nusu, la tatu dakika arobaini. Yote yametoka mazima. Kama ningetumia gundi nyeupe ya useremala, ningelazimika kuyachonga kwa patasi hadi yaishe.

Kabla ya kubandika upya nimegeuza kabati kuu kuu kuwa chumba cha kukaushia. Ndani kuna balbu moja ya zamani ya wati 40, iliyozungushiwa wavu wa chuma na kukaa mbali na mbao zote. Kuna tundu chini na tundu juu. Na kipima unyevu kimeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya kioo chake: ongeza 9. Balbu haiondoi maji hewani. Inachofanya ni kuipasha hewa, na hewa ya moto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo kiwango kile kile cha mvuke huwa sehemu ndogo ya uwezo wake. Hewa ya nyuzijoto 25 yenye unyevu wa 70 ikipashwa hadi nyuzijoto 30 hushuka hadi takriban 52, na hilo kabati limelifanya kwa usahihi wa kunifurahisha. Mgongo na mataruma vilikaa humo siku kumi. Nikavipima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, na uzito ulipoacha kushuka kwa siku tatu mfululizo nikabandika.

Siku ya 112

Sanduku limefungwa. Mwinuko wa mgongo ulikuwa milimita 3.7 kabla ya gundi. Nimegonga kwa kidole na kusikia kwa mara ya kwanza hewa ya ndani ikijibu.

Siku ya 120 hadi 139

Kanda za pembeni, kusawazisha kingo, kuchonga shingo. Yamekwenda bila kisa.

Siku ya 143

Freti, yaani vijiti vya chuma vinavyokingama ubao wa vidole. Umbali wa kila freti hutokana na kipeuo cha 12 cha 2, ambacho ni 1.05946, kwa kuwa freti 12 lazima ziugawe uzi katikati barabara. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza iko milimita 36.48 kutoka kizingiti cha juu, ya tano 163.05, ya saba 216.18, na ya kumi na mbili 325. Mafundi wa zamani waligawa kila urefu uliobaki kwa 18, wakatoa sehemu moja na kuendelea. Njia hiyo ni nyepesi, lakini ingeiweka freti yangu ya kumi na mbili kwenye 322.6, pungufu ya milimita 2 na zaidi. Namba inayofaa ni 17.817. Nimepima freti zote kutoka kizingiti chenyewe, kamwe si kutoka freti moja hadi nyingine, kwa maana makosa madogo ya kalamu hujumlishana kama madeni. Mpingo umekatwa kwa msumeno mwembamba wa njia ya milimita 0.6, na vumbi lake jeusi limeingia mpaka ndani ya saa yangu ya mkononi.

Siku ya 150 hadi 187

Sheleki. Utomvu huu wa mdudu, ukiyeyushwa katika spiriti, hupakwa kwa kidonge cha kitambaa chenye pamba ndani na tone la mafuta nje, kwa miduara isiyosimama. Ukisimama, kitambaa hunata na kung'oa kazi ya juzi. Tabaka ni nyembamba mno, nami sijahesabu ni ngapi. Niliupenda ubao wa sauti ulipobadilika kutoka weupe wa karatasi na kuwa rangi ya asali changa, lakini sikuuongezea tabaka zaidi, kwa sababu kila gramu inayokaa juu yake ni gramu ambayo nyuzi zitalazimika kuitikisa.

Siku ya 192

Daraja. Nimekwangua sheleki yote mahali litakapokaa, maana gundi hushika mti na si rangi. Kizingiti cha mfupa kimesogezwa nyuma milimita 2 kuliko hesabu kavu, kwa kuwa uzi ukibanwa kwenye freti hunyooshwa kidogo na sauti yake hupanda. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, na mzigo wote huo hubebwa na gundi iliyo chini ya kipande hiki cha mti. Nimelibana daraja kwa siku mbili, ingawa siku moja ingetosha.

Siku ya 194

Limelia. Uzi wa tano, La, ndio niliouvuta kwanza, na ulikaa hewani kuliko nilivyotarajia. Uzi wa kwanza ni mkavu kidogo na huenda utalegea kadiri ubao utakavyozoea mvuto. Nikiimba kwa sauti ya chini mdomo ukiwa karibu na tundu, mwili unatetemeka mikononi nifikapo kwenye hertsi 98 hivi, mahali ambapo magitaa mengi ya aina hii hujibu. Uzi wa sita ukibanwa kwenye freti ya tatu hutoa sauti hiyo hiyo, na sauti hiyo huwaka na kuzima upesi kuliko jirani zake. Nyuzi ziko juu ya freti ya kumi na mbili kwa milimita 3.0 upande mwembamba na 4.0 upande mnene.

Siku ya 214

Mvua ndogo zimerudi, kipima unyevu kinasoma 57, nami naongeza 9. Ubao wa sauti umeinuka na kulinyanyua daraja pamoja nao. Nyuzi sasa ziko milimita 3.5 na 4.5. Mgongo uko imara. Ili kushusha nyuzi nusu milimita kwenye freti ya kumi na mbili, kizingiti cha daraja kinapaswa kupungua milimita nzima, lakini nikikikwangua hiki nilicho nacho, ukame ukirudi nyuzi zitagonga freti. Nimekata kizingiti cha pili kutoka mfupa ule ule, kifupi kwa milimita moja, nikaandika M kwa penseli chini yake, na kile cha kwanza nimekiweka ndani ya bahasha katika kasha la gitaa.